Rimu za Kiroboto

3 Februari

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anasahau na kuanza kuhamisha makabati. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu letu la nguo chafu, watoto wanne, na jirani sasa anasema paka si wake. Mimi kustaafu kumenizoeza uvivu: siku hizi naamka saa kumi na mbili badala ya kumi na moja.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu siku hizi mimi na wewe tunajua kusalimiana na kuagana tu. Nikikuuliza unakuja lini, mtandao unakatika. Karatasi haina mtandao.

Sasa neno langu. Zile rimu nne za gari la mdogo wako bado ziko nyuma ya nyumba chini ya turubai. Gari lenyewe lilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini mama yako aliwazuia wasichukue rimu. "Hizi alizipaka mwanangu mmoja akazivaa mwanangu mwingine, haziondoki hapa." Miaka miwili ya mvua imezibabua. Rangi nyeusi uliyopaka imefanya malengelenge na chini yake kuna unga mweupe. Nimezipima. Zina matundu matano ya nati na zinaingia kwenye gari langu bila shida.

Nataka kuzipaka upya mwenyewe, hapa uani. Zikiwa tayari nitazifunga kwenye gari, mimi na mama yako tuje tukuchukue, maana wewe huji. Hujakanyaga hapa tangu tulipomzika mdogo wako, Kiroboto wetu.

Nielekeze hatua kwa hatua, kama unavyomwelekeza mtu asiyejua kitu. Nimekuwa mtunza stoo miaka thelathini na moja. Nikipewa orodha, naifuata.

Baba yako


26 Februari

Baba, shikamoo. Mpe Mama shikamoo yake na umwambie kabati si gunia.

Mimi mzima. Kazi ipo nyingi. Wenzangu hapa gereji wananiita Dada Rangi, wananionea tu kwa sababu mwanamke ni mimi peke yangu. Juzi mmoja ameegemea mlango niliotoka kuupaka, suruali yake sasa ina mstari wa kijani kibichi makalioni, na mzee wa gereji kamwambia asiifue, ni tangazo la biashara.

Kuhusu rimu, Baba, nakuomba uzitupe. Kazi hiyo ina vumbi na harufu ya thina, kifua chako nakijua. Na rimu zilizokaa kwenye mvua huwa zimeliwa ndani, zinaweza kupasuka. Nitakuja nikipata likizo.

Binti yako


8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amecheka sana kuhusu suruali, kisha akasema usipende kucheka na wanaume wa kazini.

Nimekwenda kwa fundi wa tairi na rimu zote nne. Amezigonga moja moja kwa nyundo, akasikiliza mlio, akasema hazijapasuka. Kwa hiyo hoja yako moja imeanguka. Kuhusu kifua, nimenunua kinyago chenye vichujio viwili. Nikikivaa mama yako ananiita nzi. Likizo umeniahidi mara tano. Nimezihesabu kwenye shajara yangu.

Nikueleze wazi. Mama yako kila Jumapili anakwenda kufunua lile turubai, anatazama, anafunika. Mimi siendi. Unajua nilivyomkasirikia mdogo wako. Askari wa barabarani aliandika "mwendo kasi" kwenye ripoti ya ajali, na mimi niliyemfundisha kuendesha nikaona aibu. Mpaka leo vijana wa hapa kwenye egesho la teksi nawaambia msikimbize gari kama mwanangu. Nikilisema nyumbani, mama yako huondoka mezani. Anasema Kiroboto hakuwa anakimbiza. Namuuliza, sasa gari lipinduke lenyewe kwenye barabara iliyonyooka? Gurudumu moja liliokotwa katikati ya shamba, mbali. Askari alisema lilichomoka kwa kishindo cha ajali.

Nimechoka kumkasirikia mtu aliyekufa. Ndiyo maana nataka kuifanya kazi hii. Usiponielekeza nitakwenda kuuliza dukani, na wa dukani ataniuzia kila kitu.

Baba


30 Machi

Baba, shikamoo.

Usiende dukani. Sikiliza.

Kwanza zioshe kwa maji ya moto na sabuni, mbele na nyuma. Lile vumbi jeusi la breki lisibaki hata kidogo, rangi haishiki juu yake. Mpe fundi wa tairi atoe mpira kabisa, usijaribu kupaka mpira ukiwa ndani. Halafu msasa. Anza na mkali pale palipobabuka mpaka uone chuma cheupe, kisha namba mia mbili arobaini, kisha mia nne kwa maji. Ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usihisi mpaka kati ya rangi ya zamani na chuma. Kidole kinajua kuliko jicho.

Palipochimbika jaza puti ya chuma, kidogo kidogo, iache ikauke siku nzima, isugue. Pangusa kwa thina na kitambaa kisichotoa nyuzi. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu, jasho la mkono linafanya rangi iachie.

Praima, ile rangi ya chini, mikono mitatu myembamba, yaani uipake mara tatu. Dakika kumi na tano kati ya mkono na mkono. Najua utataka kumaliza upesi kwa mkono mmoja mnene, usifanye, itachuruzika kama machozi. Kisha rangi, mitatu vilevile. Kisha vanishi miwili. Usipake siku ya unyevu.

Sasa hili, Baba. Ziba matundu ya nati. Yote matano, kila rimu. Viringisha karatasi, sokomeza ndani, funika kwa selotepu. Na mgongo wa rimu, pale katikati panapolalia gari, usipake hata tone. Hapo chuma kikae juu ya chuma. Kama kuna rangi ya zamani itoe yote. Nimepiga mstari. Ukisahau yote haya mengine hakuna neno, hili usisahau.

Mimi rimu sizipaki siku hizi. Namwachia mwenzangu. Mimi ni milango na boneti.

Binti yako


19 Aprili

Mwanangu,

Maelekezo yako nimeyanakili kwa kalamu nyekundu na kuyabandika ukutani. Huku salama. Watoto wa paka wamefungua macho, na mama yako anayesema hataki paka amewatafutia sanduku.

Rimu ya kwanza nimeianza tarehe 7 na kuimaliza tarehe 16. Nilifanyia kazi juu ya pipa lililofunikwa gunia. Mkono wa tatu wa praima ulichuruzika mahali pamoja, kama ulivyosema, kwa sababu nilisimama kupokea salamu za mpita njia huku kidole bado kinabonyeza kopo la kupulizia. Nikasugua, nikarudia. Ikikauka ina rangi ya fedha nzuri sana. Mama yako aliitazama muda mrefu akasema, "Kumbe na wewe una mikono." Miaka thelathini na nane ya ndoa, ndiyo kwanza anasema.

Naona sauti yako kwenye barua ni nzito. Kama ni kazi, sema. Kama ni mwanaume, sema pia, sitauliza jina.

Nina swali moja la ufundi. Katika kusugua nimegundua kwamba wewe ulipaka ndani ya matundu ya nati. Umepaka na mgongoni pia, pale katikati, rangi nene na nzuri, nyeusi kama lami. Katika rimu tatu rangi hiyo ya matunduni imesagika na kutoka vipandevipande. Rimu ya nne, ile iliyookotwa shambani, haina rangi kabisa humo. Matundu yake yamechakaa mpaka yamekuwa na umbo la yai, na chuma kinang'aa. Sasa wewe umeniandikia nisipake. Niache kama ulivyofanya mwanzo, au nikwangue kama unavyosema sasa? Sitaki kuharibu kazi yako.

Baba


2 Juni

Mwanangu,

Nimekuandikia tarehe 19 Aprili na sijapata jibu. Simu nayo inaita tu. Mzee wa gereji amenipokelea mara moja, akaniambia upo, mzima, unafanya kazi, huzungumzi.

Rimu tatu zimekamilika, matundu yake nimeyakwangua kama ulivyoandika. Ya nne, yenye matundu ya yai, nimeiacha nikisubiri jibu la swali langu. Mama yako ameshaandaa chupa ya chai ya safari na anagombana na mimi kuhusu siku ya kuondoka.

Andika hata mstari mmoja.

Baba


21 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui kama baada ya barua hii utaipokea tena shikamoo yangu.

Usifunge rimu ya nne kwenye gari. Isifungwe kwenye gari la mtu yeyote. Yale matundu yamekuwa yai kwa sababu nati zililegea, na gurudumu likawa linacheza kila lilipozunguka mpaka likachomoka. Lilichomoka kwanza, Baba. Gari likapinduka baadaye.

Rangi ni laini hata ikikauka. Ukikaza nati juu ya rangi nene unadhani umekaza chuma, kumbe umekaza rangi. Gari likitembea rangi inasagika, na nati inabaki haina kitu cha kushika. Kila fundi anajua. Mimi nilikuwa na miezi mitano kazini na sikujua. Nilifundishwa kupaka, hakuna aliyenifundisha mahali pa kutopaka. Rimu za wateja wetu wote zilinifikia zimeshazibwa matundu na mtu mwingine. Nilipokuja nyumbani ile wiki, nilizipaka peke yangu uani. Nilitaka ziwe nyeusi mpaka ndani kabisa, nati ikitolewa Kiroboto asione hata doa la zamani. Unakumbuka alivyokuwa anaruka ruka akizizunguka? Alisema, "Dada, hizi hata nikizivua naweza kulala nazo." Nilipaka mikono minene kwa sababu ilikuwa yake.

Mazishini sikujua. Nilijua miezi minne baadaye. Mzee wa gereji alimkuta fundi mpya anapuliza rangi ndani ya matundu akamfokea, "Wewe unataka kuua mtu?" Nilikuwa nimeshika bunduki ya rangi. Niliiweka chini, kisha nikaiokota nikamaliza mlango niliokuwa napaka.

Kwa hiyo Mama alisema kweli. Hakuwa anakimbiza. Nimejua hivyo muda wote huu na nimekuacha umseme kwa madereva wa teksi. Kila uliposema kwenye simu kwamba mdogo wangu alikuwa mzembe, nilisema "ndiyo Baba". Hilo ndilo linalonishinda kuliko rangi. Rangi nilikosea. Hili la pili sikukosea, nililifanya.

Usimwambie Mama. Niambie wewe unavyotaka kuniambia, ila usipunguze maneno.

Binti yako


4 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipokea shikamoo yako, na nitaendelea kuipokea.

Barua yako ilifika tarehe 3 Julai. Miezi miwili sikujibu, na sababu nitakueleza kwa mpangilio, maana sijui njia nyingine.

Siku ile niliisoma uani nimesimama. Kisha nikaenda kwenye rafu ya shajara. Unajua ninazo zote, tangu nikiwa kidato cha pili. Ile ya mwaka wa msiba nilikuwa sijaifungua tangu niifunge. Nikafungua wiki uliyopaka rimu. Jumanne nimeandika: "Binti kaondoka na basi la saa kumi na mbili. Kasema nati za magurudumu zikazwe tena Alhamisi, fundi wa tairi kasisitiza." Alhamisi nimeandika: "Mvua. Nimetengeneza bawaba za mlango wa stoo." Jumamosi ndiyo ajali.

Kazi nikishaifanya naikata kwa mstari. Bawaba zimekatwa. Nati hazijakatwa.

Ulinipa kazi ya dakika kumi. Spana ilikuwa nyuma ya mlango uleule niliokuwa natengeneza. Ningekaza siku ile, labda ningeona zinazunguka, labda ningejiuliza kwa nini. Nilisema mvua ikatike. Ilipokatika mdogo wako alikuwa ameshatoka na gari, na mimi nikasahau mpaka ulipoandika. Nimesoma barua yako mara nyingi, na jambo hili hukulitaja popote. Nadhani hukulisahau. Nadhani umelibeba ili mimi nisilione. Uliniambia nisipunguze maneno, na wewe ukapunguza yanayonihusu.

Kwa hiyo sina la kukusamehe nikiwa nimekaa juu. Tupo chini wote wawili.

Ulisema nisimwambie mama yako. Hilo sikukutii. Nilishindwa kula naye meza moja. Tarehe 11 Agosti nilimwambia, nikaanza na langu kisha lako. Alikuwa anakunja mashuka. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza yote. Kisha akasema, "Nilikwambia hakuwa anakimbiza."

Nikasema, "Ulisema."

"Miaka miwili umemwita mzembe kwenye meza hii. Mwanangu. Na hayupo ajitetee."

Siku nne alikula jikoni. Chakula aliniwekea. Siku ya tano nikamuuliza, je, binti yetu aje? Ninakuandikia alivyosema, bila kutoa wala kuongeza: "Asije. Mwambie mimi ndiye niliyesema asije. Nikimwona nitaitazama mikono yake. Siwezi sasa hivi. Sijui kama nitaweza."

Nilimwambia hata mimi nina mikono. Akasema, "Yako naitazama kila siku, ndiyo maana najua."

Nilikwenda kwenye egesho la teksi. Niliwaambia wale madereva kwamba mwanangu hakuwa anakimbiza, niliwadanganya, kosa lilikuwa la nati na aliyetakiwa kuzikaza alikuwa mimi. Mmoja akasema, "Mzee, hata sisi tulikuwa tunajua yule kijana haendeshi vibaya, tulikuwa tunakustahi tu." Nilirudi kwa miguu.

Rimu ya nne nimeipeleka kwa wachomeleaji na kusimama pale mpaka ikakatwa vipande viwili. Tatu ziko ndani, zinang'aa. Sijui zifanywe nini, na safari haipo tena.

Wewe ni mwanangu. Hilo niliandika kwenye shajara siku uliyozaliwa na sijapata sababu ya kulikata.

Baba yako


22 Septemba

Baba, shikamoo.

Nimeisoma. Nati sikuzisahau, ni kweli. Nilidhani nikikaa kimya hutazikumbuka. Nisamehe, nilisahau kwamba unaandika kila kitu.

Mama ana haki. Sitakuja. Sitatuma mtu wa kumbembeleza, na wewe usimbembeleze. Usije huku pia kama unawaza hivyo. Usimwache peke yake.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Ni ya Mama. Nimeifunga kwa gundi na nakuomba usiisome. Nimemwandikia habari za zile siku tatu nilizokuwa napaka, alivyokuwa anakuja kila saa kuuliza kama zimekauka, alivyoimba, alivyojipaka rangi puani makusudi. Mama siku zile alikuwa kwa shangazi, hakuyaona. Nilikuwa nayo mimi peke yangu na nimeona si haki. Msamaha nimeomba mara moja tu, mwishoni, mstari mmoja.

Asipoitaka, usimlazimishe. Akiichana, usiniambie.

Binti yako


15 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Huku tuko hivyohivyo. Mvua zimeanza, goti la mama yako limeanza nazo.

Bahasha nilimpa tarehe 2. Nilisema tu, "Hii yako." Aliutambua mwandiko. Hakuichana. Hakuifungua pia. Aliiweka kwenye droo ya sindano na nyuzi.

Karibu wiki mbili hakuigusa, nijuavyo mimi. Nimejizuia kuuliza.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu na mlango ulikuwa wazi. Nikamwona kwenye kioo amesimama dirishani, ameinua bahasha juu ya mwanga, anajaribu kuona ndani. Aliigeuza huku na huku. Hakujua namwona, au alijua. Akaniuliza bila kugeuka, "Ni karatasi moja au mbili?"

Nikamwambia sijui, imefungwa, si yangu.

Akaipima mkononi. "Ni nzito," akasema. Akakaa nayo kitandani, ameiweka mapajani, mikono juu yake. Nimetoka nimemwacha hapo. Naandika haya nikiwa uani, na bado hajatoka.

Baba yako